Nafasi ya Saa Kumi

Uongo wa Thani bin Said haukuwa mkubwa. Ulikuwa na maneno matano tu, "Pale mimi wananijua kwa jina," na aliutoa siku ya pili ya Idi, nyumbani kwake Matrah, kando ya Maskati, alikohamia kutoka Unguja, halwa ikiwa bado mdomoni, hata nusu yake ilitoka na lozi. Lakini uongo ni kama hamira. Haupimwi wakati wa kutiwa, hupimwa ukishaumuka.

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa Bi Aliya, mama yake Thabit. Thabit alikuwa karani wa kampuni ya mafuta, kijana mpole wa miwani, na huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne anamtaka Muhsina, binti yake Thani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa radhi ya mama, na mama anakaa Kuwait. Sasa mama kaja kwa ndege, siku nne tu, kakaa juu ya mkeka wa Nasriya, mke wa Thani, na kala kila alichoandikiwa: vitumbua, sambusa, mkate wa kumimina, pilau ya mbuzi. Kamaliza, kapangusa vidole kimoja kimoja, hakusifu hata chumvi.

"Mmenikirimu, ahsanteni," alisema. "Lakini mimi sipimi watu majumbani mwao. Nyumbani kila mtu sheikh. Hufagiliwa siku tatu, wakorofi wakafungiwa ndani, vikombe vikaazimwa kwa jirani."

Nasriya alikitazama kikombe alichokishika Bi Aliya. Kilikuwa cha jirani.

"Mtu nampima nje," aliendelea Bi Aliya. "Jua linamchoma, watu wanamsukuma, anachokitaka hakipati. Hapo ndipo namjua. Kesho kutwa narudi kwangu. Thabit kanambia kuna mahali Qurum pana pembea na mkahawa wa meza. Twendeni kesho tukale huko, nikuoneni."

Thabit alikohoa. "Mama, pale meza hazipatikani. Watu wameandikwa mpaka Mfunguo Pili."

Ingekuwa mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kikohozi kile, akanyamaza. Thani alimeza nusu ya halwa, nusu ikabaki.

"Pale mimi wananijua kwa jina," alisema. "Kesho saa kumi, Bi Aliya. Meza ipo."

Bi Aliya alimtazama kidogo, kama mtu anayetazama kitambaa kabla ya kuuliza bei. "Haya," alisema. "Saa kumi."

Wageni walipoondoka Nasriya alifunga mlango, akauegemea.

"Meza gani?"

"Meza, mke wangu. Ya kulia chakula."

"Wewe meza unayoijua ni ya kumeza kwinini. Nani anakujua kule? Umekwenda lini?"

"Ntakwenda asubuhi."

"Na usipopata?"

"Ntapata."

"Yule mposaji wa Dubai ulimwambia una mikarafuu elfu tatu, kaomba kuona hati, kaondoka. Yule wa Sur ulimwambia babu yako alimfundisha Mfalme wa Uingereza kuogelea. Kaondoka kabla ya kahawa. Muhsina ana miaka ishirini na sita, Thani. Tutamweka kwenye chupa kama achari?"

Muhsina alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Kwa wale wawili wa kwanza hakuwahi kusema neno. Safari hii alisema.

"Baba, huyu namtaka."

Akaenda kuosha vikombe vya jirani. Thani alibaki anatazama mkeka, na lile neno dogo la mwanawe lilimkaa kifuani kuliko halwa yote aliyoila.

*

Mahali penyewe palikuwa ufukweni, na mwaka uliotangulia hapakuwa na kitu pale ila kaa na mbuzi. Idi ile ilikuwa ya mwanzo tangu milango ya Maskati iache kufungwa usiku mzinga unapolia, na watu walikuwa wakitafuta pa kwenda kama kuku waliofunguliwa tenga. Tajiri mmoja wa Bahrain akaleta kwa meli gurudumu la pembea lenye masanduku kumi na mawili ya kukalia, linalozungushwa kwa injini ya dizeli; akaleta farasi wanane wa mbao na ngamia mmoja wa mbao aliyekosa sikio; na pembeni akajenga banda refu la makuti lenye meza tisa.

Lile gurudumu lilikuwa refu. Anga likiwa safi, mtu akifika juu kabisa anaiona Unguja. Bwana mmoja wa Matrah aliapa kuwa kamwona mke aliyemwacha Malindi anaanika nguo, na bado kanuna. Lakini hata gurudumu halikuwa kitu mbele ya meza. Huko ndiko ilikokuwa aiskrimu ya rangi tatu, unaletewa juu ya sahani na kijiko, na ya chini kabisa, ile ya kijani, hakuna aliyejua imetengenezwa kwa nini. Waliokwishaila walitembea mjini taratibu, kama mahujaji.

Meza tisa, watu elfu. Thani alifika saa moja asubuhi juu ya lori la mbuzi, kanzu yake imegeuka rangi ya barabara, na kukuta foleni imeshafika kwenye maji. Akaikata foleni kwa salamu. Kila mtu alimpa mkono, kila mtu akamuuliza hali na habari, na kabla hawajagundua wanachofanyiwa alikuwa mbele ya bawabu mwenye daftari.

"Meza ya watu watano, leo saa kumi."

"Mafi," alisema bawabu. Hakuna.

"Hujaangalia daftari."

"Daftari ndilo linaniangalia mimi. Mafi."

"Mwambie mwenyewe ni Thani bin Said."

Kwa Kiarabu jina hilo ni sawa na kusema "wa pili," na bawabu alikuwa kama mtu aliyeingojea riziki hiyo tangu alfajiri. "Thani?" alisema kwa sauti ya kuwafaidisha wote. "Na Awwal yuko wapi? Hapa wa kwanza hajapata meza, wa pili ataipatia wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Mtu mmoja alikuwa na mbuzi begani, akacheka yeye na mbuzi.

Thani alijaribu kabila lake. Bawabu akamwonyesha watu saba wa kabila hilo hilo wamekaa mchangani wanangoja. Alijaribu Kiingereza, akapewa kisogo. Alijaribu kuugua, akashika kifua na kuyumba, na bawabu kwa upole kabisa akamwelekeza penye kivuli.

Akazunguka nyuma ya banda. Hakuwa na shauri lolote; ila nyuma hapakuwa na watu wa kumcheka. Huko akasikia mtu anamtukana kuku kwa Kiswahili.

"Ni kuku gani wewe? Umekufa tangu jana na bado wanibishia?"

Aliyekuwa akibishana na kuku alikuwa mtu mnene mwenye aproni, kisu mkononi, jasho mpaka kwenye kope. Jina lake Mahfoudh, wa Mombasa, kapika melini miaka ishirini, na sasa ndiye mkubwa wa jiko na wa wote wanaobeba sahani. Thani, kwa kuisikia lugha yake katika mahali pale, nusura amkumbatie na kisu chake.

"Salaam alaykum, ndugu yangu. Nna shida. Natafuta nafasi."

Mahfoudh alimtazama: kofia ya kushonwa kwa mkono, ndevu zimechongwa, uso wa mtu aliyesoma. "Nafasi iko," alisema. "Moja tu. Mwenyewe kaniacha jana, hata kwaheri hakusema."

"Hiyo hiyo. Ni ya saa kumi?"

"Saa kumi mpaka magharibi. Lakini uje saa tisa."

"Usije ukanivunja, ndugu yangu. Nna familia."

"Sote tuna familia, nduu yangu, ndiyo maana twahangaika. Mambo ya meza wayajua?"

Thani aliona swali hilo ni haki. Mahali pa heshima kama hapa lazima wajue kama mtu anaweza uma na kisu. "Nimekaa na Waingereza miaka kumi na minane," alisema.

"Basi ni wewe. Meza zako saba na nane."

"Zote mbili?"

"Ukiziweza, kesho takupa na ya tisa."

"Na malipo?"

"Malipo mwisho. Kula kuko, utashiba. Kanzu nyeupe, kilemba usivae, na upitie mlango huu huu. Mbele wana maneno."

"Wana maneno," alikubali Thani. Akamshika mkono Mahfoudh kwa mikono yake miwili, mafuta ya kuku na yote. Tangu ateremke Maskati hajapata kuheshimiwa upesi namna ile.

*

"Mbili," alimwambia Nasriya adhuhuri, akivua viatu. "Wamenipa mbili. Moja ya kulia, moja ya kuwekea mikoba."

Nasriya alimtazama usoni, akitafuta ile dalili anayoijua, sikio la kushoto kuwa jekundu. Sikio lilikuwa la kawaida.

"Wallahi?"

"Wallahi. Na kesho wanataka kunipa ya tatu, tena wenyewe."

Katika miaka ishirini na minane ya ndoa, hii ilikuwa mara ya kwanza Nasriya kumpigia pasi kanzu mumewe bila kuombwa. Akamtia na udi. "Sisi tutakuja na Thabit katika Landrova yake," alisema. "Wewe tangulia ukatusimamie."

Maneno ya wanawake yana njia zao za kutimia.

*

Saa tisa kamili Thani aliingia kwa mlango wa jikoni, ananukia kama bwana harusi. Mahfoudh hakugeuka. Alimrushia kitambaa cheupe begani na kumkabidhi sinia.

"Meza ya saba kuna wahandisi watatu, wataka chai. Waharakishie."

Thani alilitazama sinia. "Hiki nini?"

"Wakaa na Waingereza miaka kumi na minane, sinia hulijui?"

"Nilikuwa nikiwaandikia barua."

Sasa Mahfoudh aligeuka. "Si ulinambia wataka nafasi?"

"Nafasi ya kukaa, bwana. Mimi na wageni wangu."

"Ya kukaa." Mahfoudh aliweka kisu chini ili aweze kulifikiri neno hilo kwa mikono miwili. "Ya kukaa ingekuwako ningekaa mimi. Tangu alfajiri nimesimama kama mnara."

Thani aliegemea gunia la mchele, likamshusha taratibu mpaka sakafuni. Na hapo chini, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutunga, alisema kweli yote: Bi Aliya, Thabit, mikarafuu elfu tatu, na lile neno la Muhsina na sinia la vikombe mkononi. Mahfoudh alisikiliza huku anakata vitunguu. Akafuta macho kwa mkono wa kanzu, na akasisitiza kuwa ni vitunguu.

"Meza ya nane ni ya nani?" aliuliza Thani.

"Ya Sheikh Harub wa Hail, mwenye malori. Yule aliyekuwa na duka la vitambaa Unguja. Kaiandikisha tangu kumi la mwanzo la Ramadhani. Yeye na wakeze na wanawe wako juu ya gurudumu sasa hivi. Wakishuka, waja kula."

"Wakishuka," alisema Thani.

"Wakishuka," alisema Mahfoudh.

Wakatazamana. Nje injini ya dizeli ilikuwa ikiguna.

"Sharti la hapa," alisema Mahfoudh polepole, "meza haikai tupu zaidi ya nusu saa. Mwenyewe asipotokea hupewa mwingine. Tena yule fundi wa injini ni mtu mwenye adabu sana. Akila, hafanyi kazi. Kalelewa hivyo."

"Anapenda nini?"

"Sambusa."

"Ngapi?"

"Tuanze na kumi na mbili. Lakini sikiliza, Thani. Zamu yako utaimaliza. Meza mbili, mpaka magharibi. Siwezi kubaki na mkono mmoja siku ya Idi, na harusi yako si yangu."

Basi kazi ya kwanza ya Thani bin Said katika ufukwe wa Qurum ilikuwa kumpelekea fundi sambusa. Fundi aliziona, akasema Bismillahi, akazima injini. Gurudumu likasita, likayumba, likasimama, na sanduku la juu kabisa lilikuwa la Sheikh Harub.

*

Saa kumi na dakika tano Bi Aliya aliteremka katika Landrova, buibui lake la hariri halina hata vumbi, kana kwamba barabara imemwogopa. Nasriya na Muhsina walimfuata, Thabit nyuma na mikoba. Bawabu alifungua daftari, akafungua na mdomo, lakini Mahfoudh alikuwa nyuma yake.

"Nane imekaa tupu nusu saa. Ni ya hawa."

Thani alikuwa amesimama kando ya meza, kitambaa juu ya mkono wa kushoto, uso wake umekazwa kama ngoma. Kila meza ilizungushiwa ua wa makuti wa kufika kifuani, kwa sitara ya wanawake, na kutoka pale aliwaona wote: wageni wake, wahandisi wa meza ya saba, na fundi chini ya gurudumu, akiwa kwenye sambusa ya tano.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana. Kaeni."

Wakakaa. Viti alivyoviacha Thani mezani vilikuwa vinne.

"Na wewe?" aliuliza Nasriya.

"Mimi nasimama."

"Kwa nini usimame?"

"Mila," alisema Thani.

Nasriya alilitazama sikio lake la kushoto. Lilikuwa jekundu kama pilipili. Lakini kabla hajasema neno, Bi Aliya alitikisa kichwa kwa ridhaa. "Khasa," alisema. "Mwenye karamu hakai mpaka wageni wake washibe. Siku hizi mila hiyo imekufa. Kuwait unaalikwa na mtu, anakula kabla yako."

Ingawa hakujua alivyofika hapo, Thani aliona mlango umefunguka, akapita. Akaandika watakachokula kwenye kikaratasi, akawaletea kuku, wali, mchuzi, bilauri za maji yenye vipande vya barafu ambavyo Nasriya alivigusa kwa kidole kwanza. Alisimama. Alipangusa. Bi Aliya alikula kwa utaratibu wa mtu anayekagua.

Kutoka meza ya saba mtu alipiga makofi mara mbili. Thani akaenda, akarudi.

"Wale nani?" aliuliza Bi Aliya.

"Rafiki zangu."

"Mbona wanakupigia makofi?"

"Wananipenda."

Thabit aliinamia wali wake. Muhsina alimtazama baba yake, akakitazama kitambaa mkononi mwake, akalitazama sinia. Akaelewa. Macho yakamjaa, na ili yasimwagike akaanza kumsimulia mkwe habari ya mkate wa kumimina, namna unavyotaka moto juu na chini, akasimulia kwa kirefu kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Bi Aliya alimsikiliza, jicho moja kwake, jingine linazunguka.

Huko juu ilisikika sauti ya mwanamume mzima, nene, yenye maneno mengi.

"Yule mzee kwenye pembea anasema nini?" aliuliza Bi Aliya.

"Anasifu mandhari."

Kilemba kikaanguka kutoka mbinguni, kikafunguka njiani kama moshi, na kutua juu ya ngamia wa mbao, upande ule usio na sikio.

Fundi alikuwa kwenye sambusa ya kumi na moja. Thani aliruka jikoni, akarudi na sahani ya kababu, akapitia kwa fundi, akapitia meza ya saba ambako walitaka sukari na walikuwa wameanza kuitaka kwa hasira, akapitia nane na mchuzi wa pili. Kwenye sinia bilauri zilikuwa zikigongana kama meno. Kidole gumba chake kilikuwa ndani ya mchuzi mpaka kwenye kifundo. Kijana mmoja wa meza ya saba alimwambia kwa Kiingereza, taratibu kama anavyoambiwa kiziwi, kuwa yeye ni mhudumu mbaya kuliko wote aliokutana nao tangu Aden. Thani, aliyeandika barua za Kiingereza miaka kumi na minane bila ya kosa hata la nukta, alimshukuru.

Nasriya aliyasikia hayo. Kiingereza hakukijua, lakini aliijua shingo ya mumewe. Alipopita karibu alimvuta kanzu.

"Nafasi gani hii waliyokupa?" alinong'ona.

"Ya kusimama," alijibu Thani, naye kwa kunong'ona. "Usinicheke."

Alitaka kumcheka. Alikuwa na miaka ishirini na minane ya haki ya kumcheka. Badala yake alichukua ncha ya leso yake na kumfuta mchuzi kwenye kidole.

*

Aiskrimu ililetwa, rangi tatu, sahani nne. Na ilipotua tu juu ya meza, injini ikaguna. Fundi alikuwa ameshiba. Hata adabu ina mwisho. Gurudumu likageuka, na sanduku la juu likaanza kushuka taratibu, na sauti ya Sheikh Harub ikawa inakaribia.

"Thani," alisema Bi Aliya. Hakusema Bwana Thani. "Njoo hapa."

Thani alikwenda.

"Wale rafiki zako waliomba sukari robo saa."

"Ndiyo."

"Mwenye karamu husimamia wageni wake, ni kweli. Lakini haandiki kwenye kikaratasi watakachokula. Na kahawa huimimina kwa mkono wa kushoto, kikombe kiwe kulia. Wewe umebeba sinia kwa mkono mmoja, kidole gumba ndani ya mchuzi. Mimi namjua mwingine aliyekuwa akibeba hivyo, mwezi wa mwanzo. Marehemu mume wangu."

Thabit aliinua kichwa. "Mama, baba si alikuwa mudiri, meneja kabisa?"

"Wa meza sita. Klabu ya kampuni, Kuwait, miaka kumi na moja. Kula aiskrimu yako." Akamgeukia tena Thani. "Alinambia ameandikiwa barua aende akachukue nafasi kubwa. Huko Matrah mpaka leo dada yangu anamwita mudiri, na mimi namwacha. Sasa sema. Wanakujua kwa jina?"

Thani alilitazama gurudumu. Sanduku moja lilikuwa limeshafika chini na watoto wanaruka nje. Angeweza kusema lolote. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni tangu enzi. Akamtazama Muhsina.

"Wamelijua leo saa tisa," alisema. "Niliomba nafasi, nikasahau kusema ya kukaa."

Mabega ya Bi Aliya yakaanza kutikisika. Akacheka, kwanza bila ya sauti, halafu kwa sauti, akashika meza, na ile aiskrimu ya kijani ikatetemeka sahanini mwake.

"Ya kukaa," alirudia, akijifuta macho kwa ukaya wa buibui. "Na ulikuwa na njia ya kukimbilia, mlango wa jikoni u wazi nyuma yako. Nimekuwa nikiutazama tangu nilipokaa. Nilisema moyoni, akipita mlango ule, kesho naondoka na mwanangu."

Akasimama, akajiweka sawa buibui. Akamshika Muhsina kidevu. "Radhi yangu unayo," alimwambia, "ila mkate wa kumimina unautia moto mwingi juu. Njoo Kuwait nikufunze." Kisha akatoa nusu riali mpya katika pochi, akaiweka chini ya kisahani chake, pale ambapo wahudumu huwekewa.

"Hii nini, Bi Aliya?"

"Mahari atatoa mwanangu. Hii bakhshishi natoa mimi. Usimwonyeshe mkeo."

"Nshaiona," alisema Nasriya.

Wakatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya bawabu na daftari lake, Nasriya wa mwisho, na alipofika mlangoni aligeuka kumtazama mumewe kama anayetaka kumwita. Thani alitikisa kichwa. Jua lilikuwa bado juu ya maji. Zamu ilikuwa mpaka magharibi, na neno ni neno.

Alipokuwa anakung'uta makombo ndipo kivuli kikaanguka juu ya meza. Sheikh Harub wa Hail alisimama pale, kichwa wazi, nywele zimesimama kwa upepo, nyuma yake wake wawili na watoto saba waliobadilika rangi kama ile aiskrimu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Huko juu aliitumia yote. Akauliza kwa kunong'ona, kwa Kiswahili chake cha dukani:

"Nafasi ipo?"

Thani alivuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa mbele na nyuma.

"Ipo, Sheikh," alisema. "Ya kukaa."